Tangazo la Kufuta

Tangazo nililiandika mwenyewe, kwa kalamu nene nyekundu, nikalibandika mlangoni mwa chumba cha kompyuta: "Kabla ya kufunga mwaka, kila mwalimu afute vizuri kompyuta aliyotumia. Asiache kitu." Vumbi jekundu la Gungu lilikuwa limenichosha. Kila tukifungua shule nilikuta kibodi zimejaa mchanga wa tangu kiangazi, nikawa nazipuliza kwa mdomo huku wenzangu wakinitania kwamba Wizara ilinitoa Singida kuja kupuliza moto Kigoma. Mwaka ule nikasema basi, safari hii zitafutwa.

Tulikuwa na kompyuta nne. Ile ya dirishani tulimwazima mwalimu mkimbizi kutoka Kongo. Kambi yao ilikuwa imefungwa, watu wanarudishwa kwao kwa meli, naye alipewa kazi ya kuandika matokeo ya darasa lake ya miaka mitatu, ili kila mtoto avuke na kadi yake mkononi. Bila kadi, shule za ng'ambo ya ziwa zingemrudisha mtoto darasa la kwanza hata kama ndevu zimeanza kumtoka.

Hakuwahi kushika kompyuta. Nilimfundisha mimi, kwa majigambo yote ya mtu aliyehudhuria semina ya wiki moja. Huku ni kufungua. Huku ni kuhifadhi. Huku ni kufuta, na ukishafuta, ingia kwenye pipa la taka ufute na humo, ndipo mambo yanaisha kabisa. Kila neno aliliandika kwenye kijidaftari chake. Alipouliza afanye nini na rejesta za karatasi, zilizolowa mvua na kuliwa na mchwa, nikamwambia, "Choma, Mwalimu. Karatasi ni mzigo. Kompyuta haisahau." Akazichoma. Walimu wenzangu niliwahubiria kila siku waweke nakala kwenye flashi. Kazi yake yeye sikuiwekea nakala, kwa sababu flashi ya shule nilikuwa nimeijaza mitihani yangu. Hilo sikumwambia mtu.

Jumatano mchana tukaingia kuchapa kadi. Meli ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Nikawasha kompyuta. Vumbi lilikuwa pale pale juu ya kibodi, nene, lakini ndani hamkuwa na kitu.

"Matokeo yako wapi?"

"Nilifuta byote," alisema kwa heshima kabisa. "Niliona tangazo. Na kwenye pipa pia nilifuta, kama ulivyonifundisha. Nilijua wewe umekwisha kuyaweka kwenye ile flashi yenu."

"Vumbi!" nilipiga kelele. "Nilisema mfute vumbi!"

"Vumbi? Vumbi, kwetu tunapangusaka."

Neno kufuta alilijua kwa maana moja tu, na maana hiyo nilimpa mimi. Nilitafuta namna ya kumkasirikia nikaikosa. Nilimchukua fundi mmoja wa mjini kwa bodaboda, akahangaika na ile mashine mpaka saa kumi na moja jioni, kisha akatingisha kichwa na kuanza kukusanya bisibisi zake. Nililia mbele yao bila aibu. Mdomo ulikuwa umeniponza, na walioponzeka zaidi walikuwa watoto wa watu.

Asubuhi nilimkuta bandarini ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaandika kadi kwa mkono. Aliita mtoto, akamtazama usoni, akaandika maksi kutoka kichwani, somo baada ya somo. Hakuna aliyembishia, isipokuwa mmoja aliyemkumbusha kwamba Hesabu alipata chini ya hapo. Mimi nilishika muhuri wa shule yao na kugonga. Niligonga haraka, maana mbele yetu watu walikuwa wameshaanza kupanda na mizigo.

Kadi ya mwisho ilikuwa ya binti yake, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, mwembamba, amekumbatia sufuria lenye nguo. Baba aliandika jina lake vizuri. Kwenye kila somo akachora kistari.

"Andika, Mwalimu!"

"Mwandiko ni wangu, na jina la baba ni langu. Watasema nilimpa mwenyewe. Ingetoka kwenye mashine, wangeamini."

"Basi nipe mimi niandike."

"Wewe hukumfundisha, Dada. Utaandika nini?"

Lakini nilikuwa najua. Wiki mbili nyuma nilimwonyesha jinsi kompyuta inavyopanga darasa zima kwa kubonyeza mara moja, na jina la binti huyu likapanda juu kabisa. Siku ile niliisifia kompyuta. Sikuuliza hata huyo mtoto ni nani.

Nilinyoosha mkono kuchukua kalamu, akaichomeka mfukoni, akainua godoro lao na kwenda kwenye foleni. Binti akabaki nyuma kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Kwenye kompyuta nilikuwa wa ngapi?"

"Marahaba. Ulikuwa wa kwanza."

"Najua," alisema. Akanigeuzia kadi, nione vile vistari. "Sasa mbona hamkuandika?"

Baba yake akamwita kutoka kwenye ngazi ya meli, naye akaenda na kadi hivyo hivyo.