Bei ya Loreto

Zulma Coronel alirudi Loreto, mji wetu mdogo kaskazini mwa Argentina, kumuuguza mama yake, Doña Eudosia, ambaye macho yalikuwa yamezima na akili imeanza kumtoroka. Alikuja na begi moja na kompyuta. Watu wa mtaani wakanong'ona kwamba amefukuzwa kazi Buenos Aires, na mimi jirani yao niliwaambia wafunge midomo. Zulma alitengeneza programu za kompyuta kwa mkataba, kupitia kampuni iliyomtafutia wateja wa ng'ambo na kumlipa dola thelathini kwa saa. Kazi ya namna hiyo unaifanyia popote penye umeme.

Miezi ile Doña Eudosia alinenepa. Hakula ila kwa mkono wa binti yake. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani, wakicheka mambo yasiyochekesha, nami nikiwaonea wivu.

Kilichomponza Zulma ni jogoo wangu. Mjinga yule hakujua kwamba mchana watu hulala. Saa nane, mji mzima kimya, Zulma anazungumza kwa video na Gastón, bwana wa kampuni anayeshughulikia malipo, jogoo akaruka ukutani akawika.

Gastón akacheka. "Siku hizi mnafuga kuku ghorofa ya tisa, hapa Buenos Aires?"

Mimi ningesema ni televisheni. Zulma akasema kweli. "Niko kwa mama, Loreto. Anaumwa."

"Pole sana. Lakini ungetuambia mapema. Bei inafuata unapoishi, na huko maisha ni rahisi. Kwa Loreto ni kumi na nane."

"Kwani kazi imebadilika, Gastón? Mteja naye atalipa pungufu?"

"Mteja atalipa vilevile. Sikuupanga mimi utaratibu huu, Zulma. Rudi mjini, nami nakurudishia thelathini yako."

Jumapili nilimchinja jogoo, nikawapelekea supu. Haikusaidia kitu. Dawa za Doña Eudosia ziliagizwa Buenos Aires kwa bei ya Buenos Aires, na kwa dola kumi na nane, kila baada ya mwezi mmoja wa dawa ungefuata mwezi mmoja wa maumivu. Zulma alipiga hesabu mpaka akachoka, kisha akaenda kumtafuta mtu wa kukaa na mama atakaporudi Buenos Aires.

Akampata Delmira, mjane wa nyuma ya kanisa. Walikubaliana jikoni, mimi nikiwamiminia chai yetu ya majani iitwayo mate.

"Unataka peso ngapi, dada Delmira?" Zulma aliuliza.

"Sema wewe, mwenye dola za ng'ambo."

"Hapa huwa wanalipaje?"

Delmira akataja. Zulma akakubali palepale. Halafu nikaona uso wake unabadilika, amejisikia akisema maneno ya Gastón, lakini hakuongeza hata peso moja. Nami sikumlaumu, maana mwenye kubanwa hana pa kupumulia.

Siku ya safari alimkumbatia mama yake muda mrefu. "Nenda salama, binti," mama akamwambia kwa adabu, kama anavyoagwa mgeni. "Ukimwona Zulma wangu, mwambie asichelewe."

Alipanda basi akilia, nami nikalia hadi nikaona aibu.

Doña Eudosia alifariki Julai, baridi ikiwa kali. Zulma alimkuta ndani ya jeneza. Baada ya mazishi tulikaa jikoni watatu, na mkate wa chipaco mezani ambao hakuna aliyeugusa. Zulma akasukuma bahasha mbele ya Delmira.

"Nilikulipa bei ya hapa. Nilijua ninachofanya. Chukua, ni haki yako."

Delmira akaipokea. "Ahsante. Naihitaji, sitakudanganya."

"Aliniita?"

"Usiku wote ule wa mwisho."

"Akaitikiwa na nani?"

Delmira akafuta meza iliyokuwa safi. "Alikuwa analia, Zulma. Nikaitika mimi. Nikasema, 'Nipo hapa, mama.' Akanishika mkono, akatulia kabisa. Akasema, 'Nilijua hutaniacha, mwanangu.'"