Maini Niliyomtupia Popi

Usinihurumie. Kosa ni langu. Ninaliandika polepole kwa sababu niliishia darasa la nane, na kuongea mbele za watu kunanishinda.

Ninachinja kondoo katika kichinjio kidogo karibu na Njoro. Afisa wa kukagua nyama hutuambia kila mara: ini lenye mifuko ya maji litupwe shimoni, lichomwe. Mimi maini hayo nilikuwa ninayapeleka nyumbani kwa mbwa wetu, Popi. Miaka mitano! Niliona ni dhambi kuchoma nyama na mbwa ana njaa.

Popi alilala na dada yangu mdogo, Shiku. Alimlamba mikono, naye Shiku akashika mandazi kwa mikono ileile.

Mwaka huu tumbo la Shiku lilivimba upande wa kulia. Hospitalini Nakuru, picha ilionyesha mfuko wa maji ndani ya ini, mkubwa kama chungwa. Daktari akasema mbwa akila ini kama lile hupata minyoo, na mayai yake humwingia mtoto mdomoni kupitia mikono.

"Kuna mtu kwenu humpa mbwa maini mabichi?"

"Kwetu? Hapana, daktari," mama akajibu.

Nilitazama viatu vyangu.

Shiku alipewa dawa kwanza, kisha akapasuliwa. Tulikuwa tumeonywa kwamba maji yale yakimwagika tumboni yanaweza kumuua, au kuotesha mifuko mingine. Mama aliomba kwa sauti. Mimi ningeombaje?

Shiku alitoka mzima. Daktari akatuonyesha kitu kile ndani ya chupa: ngozi nyeupe, laini, kama utando wa yai. Nimekiona kwa kondoo mara ngapi! Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi, mama. Nilikuwa ninampa Popi."

"Ulikuwa unajua?"

"Niliambiwa. Nikapuuza."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Siku mbili alimlisha Shiku uji bila kuniangalia.

Niliporudi kazini nilisimama kando ya shimo nikawaambia wachinjaji wenzangu wote yaliyompata Shiku. Mdosi, mwenye kichinjio, akacheka. "Bubu amepata mdomo! Kijana, utanifukuzia wateja."

"Waende!"

Sijui nilitoa wapi sauti ile. Sasa wananiita Daktari wa Maini. Waniite! Juzi mmoja wao alificha ini lenye mifuko nyuma ya ndoo. Nililichukua mbele ya macho yake nikalitia motoni.

"Na mbwa wangu atakula nini, Daktari?"

"Ugali, kama wewe."

Popi tumempa dawa ya minyoo, na sasa analala nje. Shiku ana kovu refu tumboni. Aliniuliza, "Popi alikosa nini?" Nikamwambia hakukosa kitu, nilikosa mimi.

Wewe unayechinja nyumbani, mbwa amekaa mlangoni anatingisha mkia, najua anavyokuangalia. Usimtupie ini lenye mifuko! Choma. Wakikucheka, choma wakikuangalia.

Na daktari akikuuliza, usitazame viatu.