Mwanafunzi wa Kuonyesha Wageni

Asubuhi ile niliondoka Thika kwa miguu, begi mgongoni, bila kujua naelekea wapi. Nilishika upande wa Ruiru kwa kuwa barabara huko inateremka.

Nilikuwa mfagizi katika kituo cha masomo, tawi la chuo kikuu cha ng'ambo, ghorofa mbili juu ya duka la rangi. Shule niliacha darasa la saba, ila kuuliza sikuacha. Nikipiga deki nilikuwa napunguza mwendo kwenye milango ya madarasa, nisikie. Msimamizi wa kituo, mama tuliyemwita Madam, alinikamata mara nyingi wala hakunigombeza. "Wewe una kichwa," aliniambia.

Kila baada ya muda chuo chenyewe kilituma wakaguzi waje waone kama shahada ya hapa ina ubora sawa na ya kwao. Mwaka huo vitabu vya maktaba viliazimwa kutoka chuo kimoja cha Ruiru. Mimi ndiye niliyevipanga na kubandika karatasi nyeupe juu ya mihuri. Usiku nilivisoma. Kilichoshindikana kuazima ni wanafunzi wa kusema mazuri. Wakaguzi walitaka kukutana na wanafunzi bila walimu, na wanafunzi wenyewe walikuwa na hasira: mwalimu wa takwimu hakuwa ameonekana tangu muhula uanze.

"Keti nao kama mwanafunzi," Madam alisema. "Sema mambo ni sawa. Wakitupitisha, muhula ujao nakuandikisha kozi ya maandalizi. Mambo ya cheti niachie."

"Kweli, Madam?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi.

Nilikaa karibu na mwanafunzi mmoja, mama kutoka Kakamega aliyeshona nguo kiwandani. Alikuwa ameandika malalamiko yao ukurasa mzima. Mkaguzi alipouliza kuhusu takwimu, nilimtangulia yule mama kujibu. Nikasema mwalimu anakuja kila wiki. Nikaeleza hata maana ya sampuli, kwa mfano wa mnunuzi anayetoboa gunia la kahawa na kutazama punje chache kiganjani. Mkaguzi alitabasamu, akaandika sana. Yule mama alinitazama, kisha akakunja karatasi yake.

Alinisubiri kwenye korido. "Haki, hata ndoo yako bado iko pale mlangoni! Wamekuahidi nini?"

Niliinama nikaichukua ndoo.

"Basi wakupe, ndugu yangu. Sisi umeshatumaliza."

Kituo kilipita. Siku ya kuandikisha wanafunzi nilivaa shati safi, nikaingia ofisini kwa Madam. Alinitazama kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

"Darasa la saba? Aki wewe! Wakikuta jina lako kwenye orodha watanifungia."

"Lakini ulisema wakitupitisha..."

"Wametupitisha kwa masharti. Kila mwanafunzi lazima awe na vyeti vyake. Sasa tunafuata ubora."

Alisema neno hilo bila kucheka. Kisha akaniomba nikapanguse ngazi, kuna wazazi wanakuja.

Nilipangusa. Hilo ndilo lililoniuma kesho yake nilipokuwa natembea, kwamba nilipangusa hata kona. Nilimtukana Madam kimoyomoyo kilomita nzima, na kila nikipumzika namwona yule mama akikunja karatasi.

Saa saba mchana nilifika Witeithie, miguu imevimba. Kwenye lango moja palikuwa na kibao cha vyumba vya kupangisha. Mwenye ploti alikuwa ameketi kivulini akiambua maharagwe.

"Karibu. Unasoma chuoni huko Juja?" aliuliza. "Wanafunzi nawapa cha juu. Kina meza na taa nzuri, na dirisha linaangalia barabara."

Nilikiona kutoka pale nilipokuwa. Dirisha lilikuwa wazi. Ningesema ndiyo angeniamini; wakaguzi kutoka ng'ambo waliniamini.

"Hapana, mama. Sisomi. Natafuta kibarua."

"Ĩĩ, haya. Basi ni kile cha chini, karibu na choo. Lakini hakivuji."

Aliupangusa ufunguo kwenye leso, akanipa.