Kadi Tatu za Lorna Tjaden

Lorna Tjaden alikuwa na miaka sitini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu pale mjini Wexley aliyewahi kumsikia akisema hapana. Si kwamba alipenda kila kitu. Alizaliwa kwenye shamba la mahindi kaskazini mwa jimbo la Iowa, Marekani, akalelewa na mama aliyeamini kwamba kumkatalia mtu usoni ni utovu wa adabu unaokaribia dhambi, na mafunzo hayo yakamwingia yakakaa. Akiombwa aoke keki ya msiba, ataoka. Akiombwa aimbe kwaya, ataimba, ingawa sauti yenyewe Mungu hakumjalia. Hata Merle alipomposa, aliitikia kabla swali halijaisha, na hilo peke yake hakulijutia.

Merle aliendesha lori la mahindi miaka thelathini na mmoja. Kisha kiharusi kikamwangusha mbele ya ghala, mchana kweupe, funguo mkononi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa hapana. Akitaka maji, hapana. Akikataa maji, hapana. Akimwona mbwa wa jirani anavuka barabara akafurahi, hapana, hapana, hapana! Wexley walitania kwamba mke kapewa ndiyo zote za nyumba ile na mume kapewa hapana zote. Lorna alicheka pamoja nao, kisha akirudi nyumbani analia kidogo bafuni, ananawa uso, anaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa jikoni pale shuleni, mwaka wa ishirini na nane sasa. Ilimlazimu awe mbele ya jiko saa kumi na mbili asubuhi, kabla mabasi ya watoto hayajafika. Kwa hiyo kila siku, ikibaki dakika ishirini, taa za gari la Arlys zilikunja kona ya barabara. Arlys alikuwa dada yake Merle, mjane, mwenye mikono ya mkulima na ulimi wa hakimu, naye ndiye aliyekaa na kaka yake mpaka saa nane. Na saa nane mkuu wa shule, Bwana Gaylen Voss, alimruhusu Lorna atoke, ingawa mkataba ulisema saa tisa na nusu.

Hizo ndizo kamba mbili zilizomweka Merle nyumbani. Ikikatika moja tu, angepelekwa nyumba ya wazee kule mji mkuu wa wilaya, mahali ambapo mama yake alifia akitazama ukuta. Merle alimwapisha Lorna, zamani akiwa na maneno yake yote, kwamba huko asimpeleke kamwe.

Basi ukaja msimu wa mchujo. Kila baada ya miaka minne wanaotaka tiketi ya chama ya kugombea urais hushuka Iowa kabla ya kwingine kokote. Wanapigwa picha na nguruwe, wanakula vitu vilivyokaangwa kwenye vijiti, wanakushika mkono kwa mikono yote miwili kama mliosoma pamoja. Nyuma yao wanakuja watu wenye kadi. Kadi ndogo tu: jina lako, sahihi yako, na kwamba usiku wa mkutano wa kuchagua mgombea utasimama na fulani.

Arlys alikuwa kapteni wa Seneta Hathaway, mmoja wa wagombea, yaani ndiye aliyemkusanyia watu pale Wexley. Alimpa Lorna kadi ya kwanza juu ya meza yake mwenyewe ya jikoni, huku akimlisha Merle uji.

"Tia sahihi hapo, wifi. Nisaidie kufikisha idadi."

Lorna akatia. Utamnyima vipi mtu aliyeshika kijiko cha mumeo?

Bwana Voss alikuwa wa Gavana Brandt. Alipitisha ya pili kwenye dirisha la kugawia chakula, akiwa na tabasamu lake la siku za mikutano ya wazazi.

"Bi Lorna, wewe ni wetu, sivyo? Sisi tunaangaliana."

Neno tunaangaliana Lorna alilielewa vizuri sana. Akatia sahihi.

Ya tatu hakuombwa na mtu. Theodora Lindqvist, muuguzi wa zamani, mgombea ambaye magazeti yalimtaja chini kabisa ya ukurasa, alikuja shuleni siku ya theluji, na wanahabari hawakuja. Aliingia jikoni kutafuta kahawa, akaona trei zimerundikana, akavuta kitambaa akaanza kukausha. Waliongea habari za Merle. Kisha yule mama akauliza, "Na wewe, anakuangalia nani?" Lorna aliendelea kupanga trei. Mgeni alipotoka, Lorna aliikuta kadi kwenye kaunta, akaijaza palepale. Ndiyo kadi pekee aliyoijaza kwa moyo.

Ahadi ni deni, na Lorna alikuwa na tatu kwa miguu miwili. Kwingine mtu huingia kwenye kibanda, akafunga pazia, akadanganya kila mtu kwa amani. Wexley hakuna pazia. Unaingia ukumbi wa michezo wa shule, mlango unafungwa, na unakwenda kusimama kwenye kona ya mtu wako mbele ya daktari wako wa meno, mchungaji wako na aliyekukopesha ngazi. Kundi lisilofikisha watu kumi na tano katika kila mia linakufa, na watu wake wanatafuta kona nyingine. Wiki nzima Lorna hakula vizuri. Aliomba iporomoke theluji ya kufunga barabara, ikaja ya kupamba miti tu.

Arlys alimwambia asihangaike na Merle jioni ya mkutano, yeye atamshughulikia. Lorna alifika shuleni mapema akajificha palepale alipozoea, jikoni. Alichemsha kahawa ya kutosha wilaya nzima. Mpango wake ulikuwa kukaa jikoni mpaka yaishe.

Denise Kluver, mkutubi wa mji na mwenyekiti wa mkutano, alichungulia dirishani. "Lorna, toka humo. Aliye jikoni hahesabiwi."

"Nasubiri kahawa ishuke."

"Imeshashuka tangu jana kwa harufu hii. Toka, bibi wee."

Akatoka na birika mkononi. Mlango mkuu ukafungwa. Watu walikuwa tisini na wanane, wamejazana kwenye kona na makoti yao, na yeye alikuwa peke yake katikati, juu ya duara lililochorwa sakafuni.

"Bi Lorna, huku!" aliita Voss, mikono ameitanua. "Na birika lako!"

"Mwacheni wifi yangu, anajua pa kwenda," Arlys alijibu kutoka upande wa pili. "Wifi, nimekuwekea nafasi karibu na mumeo."

Lorna akageuka. Kwenye kona ya Hathaway, ndani ya kiti chake cha magurudumu, alikaa Merle, amevalishwa sweta la kanisani, na kifuani beji kubwa ya seneta. Breki za kiti zilikuwa zimefungwa. Mate yalikuwa yakimtoka upande wa kulia na hakuna aliyemfuta, maana kila mtu pale alikuwa akihesabu.

"Nani kakwambia umlete?" Lorna aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo.

"Kwani yeye si mwanachama? Au unamwonea aibu?" Arlys alimpigapiga kaka yake begani. "Tuko vizuri hapa, eti Merle?"

"Hapana," alisema Merle.

Ukumbi ukacheka, kicheko cha watu wanaompenda, na ndicho kilichomuumiza Lorna zaidi. Kona ya Hathaway ikaanza kuhesabu kwa sauti. Kumi na tatu. Kumi na nne. Arlys akaweka kiganja juu ya kichwa cha Merle. "Kumi na tano! Andika, Denise, tumefika!"

Hapo ndipo Lorna alipoona mtego wote. Arlys hakumleta Merle kwa ajili ya kichwa kimoja. Alijua aliko Merle ndiko Lorna atakakokwenda, akapata viwili kwa mpigo mmoja. Na kweli miguu ilikuwa imeanza kwenda. Kona ya Hathaway ikampigia makofi. Voss akashusha mikono, akamtazama kama anavyomtazama mwalimu aliyeomba uhamisho.

Lorna aliweka birika chini. Alipiga goti mbele ya kiti, akamfuta mumewe mdomo kwa mkono wa sweta lake.

"Merle, unataka kukaa hapa?"

"Hapana."

Akainuka. "Denise, umesikia."

"We Lorna!" Arlys alifoka. "Huyu husema hapana hata kwa aiskrimu!"

Denise alifungua kijitabu cha taratibu, akalamba kidole, akafunua kurasa mbili. "Imeandikwa mtu atasimama anapotaka mwenyewe," alisema polepole. "Haikuandikwa anatakiwa awe na maneno mangapi."

"Basi na huko unakompeleka muulize!" alisema Arlys. "Muulize tumsikie!"

Lorna hakumuuliza. Alifungua breki. Magurudumu yalilia sakafuni safari nzima ya kukatiza ukumbi. Alimpita Voss aliyekuwa ameshatanua mikono upya, akaenda mpaka kwenye friji ya maziwa ya watoto, karibu na mlango, walipokuwa wamesimama watu sita wa Lindqvist wakijifanya hawasikii baridi ya mlangoni. Wakawa wanane. Mmoja wao, daktari wa mifugo, akamsogezea Lorna kiti, lakini hakukikalia.

Alisimama pale dakika zisizofika kumi. Niseme ukweli, zilikuwa dakika tamu kuliko zote tangu kiharusi kile. Alisimama wima na mgongo haukumuuma.

Kisha Denise akasoma hesabu. Lindqvist, wanane: limekufa. Hathaway, kumi na wanne: limekufa. Kabla kalamu haijafunikwa, watu wa Brandt walishavamia kona ya Arlys na vipande vya keki, wakiwakokota jirani zao kwa mikono ya makoti. Kundi lililochukua miezi saba kulijenga likayeyuka mbele ya kapteni wake. Arlys alibaki na bango lake. Alilikunja vizuri, akalitia kwapani, akavuka ukumbi.

"Miaka minne, Lorna," alisema. "Miaka minne namwosha kaka yangu, na wewe umeninyima kichwa kimoja."

"Hakikuwa chako, Arlys."

"Na kilikuwa chako?"

Voss alikuwa anakuja, tabasamu mbele. "Haya, Bi Lorna, sasa hamna kwenu. Njooni kwetu." Akasema kwa upole, kama mtu anayefunga mlango taratibu. Lorna alimvalisha Merle kofia, akamsukuma nje kwenye theluji kabla ya hesabu ya pili. Njia mbili zilimshinda fisi, na yeye alikuwa amezipita zote mbili akaingia ya tatu, ambayo nayo ilikuwa imefungwa.

Asubuhi alivaa koti lake mapema, akasimama dirishani. Merle alikuwa ameshaoshwa, amekaa mezani mbele ya uji. Zikabaki dakika ishirini, na taa hazikukunja kona. Zikabaki kumi na tano. Kumi na mbili. Ndipo gari likaja, na Lorna akafungua mlango kabla halijasimama. Alikuja! Alikuwa na hasira lakini alikuja.

Arlys aliingia na hakuvua koti. Hakumtazama Lorna. Alikwenda moja kwa moja mezani, akainama mbele ya kaka yake kama Lorna alivyoinama ukumbini, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hakulala.

"Merle," alisema, "unataka nikae na wewe leo?"

"Arlys, usifanye hivyo," alisema Lorna.

Merle aliinua mkono wake mzima, ule wa kushoto, akaushika mkono wa koti la dada yake kwa nguvu.

"Hapana," alisema.

Arlys aliufungua mkono ule, kidole baada ya kidole. "Umesikia mwenyewe, wifi. Mtu hukaa na anayemtaka."

Mlango ukafungwa. Gari lilikaa likinguruma uwanjani, na Lorna alijua kwamba akitoka sasa hivi, akisema nisamehe, akisema ndiyo dada, umeniambia kweli, Arlys atazima injini. Alifika mpaka kwenye kitasa. Mkono ulikishika. Maisha yake yote mdomo ule ulisema ndiyo bila kusukumwa, na asubuhi ile haukufunguka. Taa zikageuka, zikapita juu ya ukuta wa jikoni, zikaondoka.

Alimpigia Voss.

"Siwezi kuja leo, Bwana Voss. Sina wa kukaa na Merle."

"Oh. Pole sana," alisema. "Basi, tutaona, Bi Lorna. Tutaona." Na kwa watu wa kule, anayesema tutaona ameshaona.

Alivua koti akalitundika. Ndani ya droo ya vijiko, chini kabisa, kulikuwa na karatasi za nyumba ya wazee alizopewa na hospitali miaka minne iliyopita, hazijajazwa. Hakuifungua droo, lakini alikaa upande ule wa meza. Merle alikuwa bado anautazama mlango, na uso wake wa kushoto ulikuwa umelowa.

"Merle," alisema Lorna. "Jana, kule kwenye friji. Sikukuuliza. Na mimi nilikutumia, eti?"

Merle aligeuka akamtazama.

"Hapana," alisema.

Lorna akachukua kijiko, akakoroga uji uliokuwa umeanza kuganda, akaanza kumlisha.