Msingi wa Vyumba Vinane

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila inaponijia hasira hunipanda hata kama nimetoka kusali. Naiandika kwa hasira hiyo hiyo, kwa sababu wiki hii nimewasikia vijana wa kanisani kwetu hapa Didia wakizicheka nyumba za kikundi. Wanaziita mabanda ya kuku. Neno hilo nililitumia mimi kabla yao.

Nilikuwa mchimbaji kule Masumbwe. Tulikuwa vijana wanane, tukanunua kiwanja kimoja, hati moja yenye majina yetu yote, tukakubaliana kwamba hakuna atakayeuza sehemu yake bila wenzake kuridhia. Tungejengeana kwa zamu, kama wazazi wetu walivyolimiana mashamba. Kila nyumba vyumba viwili, na ukuta mmoja tunashirikiana na jirani ili tofali zitoshe. Ukuta wa nyuma ungeachwa na meno, yaani ncha za tofali zikiwa zimetokeza, ili mwenye nyumba akipata nguvu aunganishe chumba cha tatu bila kubomoa.

Tulipopiga kura, zamu yangu ikawa ya sita. Huko Samuye mama yangu alikuwa analala katika nyumba ya udongo iliyoinama, nami nilikuwa nimemwahidi makao kabla ya mvua. Basi wiki ile ile shimo langu likatema, kama wachimbaji wanavyosema dhahabu inapotoka. Kichwa kikavimba.

"Jengeni mabanda yenu ya kuku," nikawaambia. "Mimi nishirikiane ukuta na mtu? Nikikoroma anisikie?"

Fundi wetu, Mzee Masanja, hakuinua hata macho kutoka kwenye timazi yake. "Heri jirani akusikie ukikoroma, Shija. Mvua ikimnyeshea mama yako, nani atamsikia?"

Wenzangu wakacheka. Nikajitoa siku hiyo hiyo.

Nikanunua kiwanja peke yangu, nikachimba msingi wa vyumba vinane, wa mawe matupu. Wapita njia walisimama kuutazama, nami nilipenda wasimame. Msingi ukameza kila nilichopata, na kabla sijapandisha tofali hata mstari mmoja, shimo likakauka.

Mvua ikaja. Nyumba ya Samuye ikaanguka upande mmoja. Mungu alimtoa mama akiwa mzima, jina lake lihimidiwe. Akaja Masumbwe na sufuria zake na Biblia. Nikampeleka kiwanjani. Akatembea polepole ndani ya msingi, majani yakimfika magotini.

"Hapa ni wapi, baba?"

"Sebuleni, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Na hapa?"

"Chumbani kwako."

Akakaa juu ya jiwe, akafungua mwavuli wake. "Basi nimefika," akasema.

Nyumba ya sita, iliyokuwa iwe yangu, wenzangu walikwisha kumpa mjane mmoja muuza chakula, Mama Kulwa. Huyo ndiye aliyempa mama chumba kimoja kati ya viwili vyake. Mama alifia humo. Nilimwuguza nikiwa mgeni, nikimsikia jirani akimwombea upande wa pili wa ukuta ule ule niliokuwa nimeudharau. Nimetubu, na naamini Mungu amenisamehe. Mimi mwenyewe bado sijajisamehe. Msingi ule upo hadi leo, watu wanaanikia mihogo.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Usijitoe kikundini kwa kuwa zamu yako iko mbali. Jenga vyumba viwili unavyoweza kuviezeka, uache meno ukutani. Kubali jina lako likae kwenye hati pamoja na ya wenzako. Na ukome kumcheka anayelala chini ya bati lake, wakati wewe unawaonyesha watu ramani ya ghorofa kwenye simu. Ramani haimkingi mzazi wako mvua.

Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe. Akupe jirani mwema wa kushirikiana naye ukuta, na mama yako aufikie mlango wako akiwa bado na nguvu za kuufungua.