Dagaa wa Merina Wapanda Treni

Ukimjua Merina wa Katonga, unajua kelele zake hufika kabla yake. Mumewe alipofariki alimwachia watoto na beseni moja. Kwa beseni hilo akauza dagaa wakavu miaka na miaka, hadi akapata mteja mkubwa Tabora. Sasa mteja huyo alikuwa amechoka na mizigo ya kuchelewa. "Ijumaa dagaa wasipopanda treni," alimwambia kwa simu, "natafuta mtu mwingine."

Ijumaa Merina akafika stesheni ya Kigoma na wanawake wenzake, magunia na risiti ya mzigo. Lo! Geti limefungwa. Treni ya abiria ilikuwa inakaribia kuondoka, na kwenye reli ya jirani, karibu na jengo la stesheni la enzi za Wajerumani, ilisimama treni ya kale ya watalii, inang'aa utadhani imepakwa mafuta.

"Shikamoo mama," alisema mlinzi, Dismasi. "Ila mzigo huu haupiti. Dagaa wananuka, na wageni wamo."

"Marahaba. Wananuka? Wewe jana ulikula nini?"

"Hata kama! Wanaoingia ni abiria na wacheza ngoma wa kuwapokea wageni tu."

Wacheza ngoma wenyewe walikuwa hawajatokea. Merina aliiona Tabora inamponyoka hivi hivi, roho ikamuuma, kisha hasira zikampanda. Akamgeukia shoga yake. "Winfrida, piga beseni!"

Beseni likalia. Wanawake wakajitwika magunia, wakashika wimbo wa Kiha wa kumpokea bibi harusi, mabega yanacheza, vigelegele juu. Watalii wakashuka mbio na simu zao. Kiongozi wao akapaza sauti, "Ngoma hiyo imefika! Fungua geti!" Dismasi angefanyaje? Akafungua.

Wakapita kwa madaha kando ya treni ya kale, wageni nyuma yao wakijaribu kukata kiuno, harufu ya dagaa imetawala stesheni nzima na hakuna aliyeziba pua. Kwenye behewa la mizigo la treni ya abiria, magunia yakaingia moja moja bila wimbo kukatika.

Honi ikalia. Gunia moja bado lilikuwa chini.

"Dismasi mwanangu, njoo ucheze!" Merina aliita. Wageni wakampigia makofi. Kukataa aibu, kukubali aibu. Akajitwika gunia, akatikisa mabega, akalisukuma ndani. Treni ikang'oka kwenda Tabora na dagaa wote. Merina akafungua pindo la kanga, akatoa noti, akamtunza Dismasi kwa kumbandika kwenye paji la uso.