Uji wa Wambui

Leo nimeigombeza televisheni mpaka mjukuu wangu Nyambura akaizima.

Shuleni kwao hapa Birmingham wameambiwa wasome kitabu, watazame na filamu, kisha walinganishe. Vyote vinahusu kijana aliyetoka hai katika kambi ya Wajerumani, wakati wa ile vita kuu.

Kwenye filamu, kijana anampa mdogo wake mkate wote. Muziki unalia. Na mashavu yamemjaa, eti ana njaa!

"Mwongo huyo," nikasema. Kwenye kitabu, Nyambura alivyonisomea, kijana anaula mkate wa mdogo wake, wala halii. "Huyu wa kitabu ndiye aliyekuwepo."

"Shosho, umejuaje? Hata shule hukumaliza."

Ati shule! Nilikuwa na miaka kumi na mitatu Waingereza walipotufungia ndani ya seng'enge, wakati wa Mau Mau. Mdogo wangu Wambui alikuwa na homa. Uji wake niliunywa mimi, siku mbili. Siku ya tatu tukamzika.

Sikuwahi kumwambia mtu mpaka leo, nilipomjibu hivyo.

Nyambura hakunikumbatia kama watu wa filamu. Aliuliza tu, "Alikuwa na miaka mingapi?"

Minne.

Sasa ninyi mnaonisoma hapa mtandaoni, msiniwekee hapa chini vile vichwa vyenu vya kulia. Niandikieni jina lake.